Mguu Umevunjika, Vuli Imeingia: Kupona Kunavyofanyika Nyumbani

Karatasi anayopewa mgonjwa siku ya kuruhusiwa hospitalini huwa na mambo machache: dawa za maumivu, tarehe ya kurudi kliniki, na neno moja lililopigiwa mstari, "asikanyage". Baada ya hapo anapakiwa kwenye bajaji, mguu umenyooshwa kitini, magongo yametokeza nje, anapelekwa nyumbani. Mfupa wa muundi, ambao huvunjika sana katika ajali za bodaboda, kwa mtu mzima huchukua kama wiki 12 hadi 16 kuunga, na mara nyingine zaidi. Aliyevunjika mwezi wa kumi, mvua za vuli zinapoanza Dar es Salaam na Pwani nzima, ataukaribisha mwaka mpya akiwa bado anatembelea magongo.

Hospitali inavirudisha vipande mahali pake na kuvishikilia. Kazi iliyobaki inafanyika chumbani, uani, chooni na barazani, mikononi mwa mama, mke, mume au shangazi ambaye mara nyingi hakuna aliyemweleza lolote. Hapo ndipo linapozaliwa kosa la upendo mtupu: mgonjwa anaambiwa alale. Akijaribu kunyanyuka kuchukua kikombe, sauti inatoka jikoni, "Tulia baba, nitakuletea." Naandika makala haya kwa sababu maneno hayo, yakirudiwa kutwa kwa miezi mitatu, yanaweza kumwachia mtu ulemavu ambao pikipiki haikumwachia.

Tuanze na mfupa wenyewe. Unapovunjika, mishipa ya damu iliyomo ndani yake inakatika pia, damu inajikusanya na kuganda penye mvunjiko. Donge hilo ndilo mwanzo wa kupona. Siku za kwanza seli za kinga zinaingia kusafisha mabaki, na ndiyo maana mguu unavimba na kuwa wa moto. Kufikia wiki ya pili na ya tatu, mahali pa donge panakaliwa na fundo laini la nyuzi na gegedu. Fundo hilo haliwezi kubeba mwili, lakini limeshaanza kuzishika ncha mbili. Kisha seli zinazojenga mfupa, ziitwazo osteoblasti, zinaingiza madini ya kalsiamu na fosfeti mpaka fundo linakuwa gumu, kazi inayochukua wiki nyingi. Hatua ya mwisho ndiyo ndefu kuliko zote na huweza kupita mwaka: seli nyingine, osteoklasti, zinabomoa mfupa uliozidi huku osteoblasti zikiimarisha sehemu zinazobeba uzito.

Seli hizo zinajuaje pa kuimarisha? Zinaongozwa na mzigo. Daktari wa upasuaji wa Ujerumani, Julius Wolff, aliandika mwaka 1892 kwamba mfupa hujipanga upya kufuatana na nguvu zinazoukandamiza. Unaotumika huwa imara, usiotumika hupungua madini. Kwa hiyo daktari anayesema "usikanyage" leo ndiye atakayesema baadaye "sasa anza kukanyaga kidogo kidogo", na amri zote mbili ni dawa, kila moja kwa wakati wake.

Wakati huo haulingani kwa kila mtu. Aliyefungwa hogo peke yake ana ratiba yake, na aliyewekewa chuma ndani ya mfupa ana yake. Hogo la bandeji na jasi tunalolijua lilianza kutumika katikati ya karne ya 19, baada ya daktari wa jeshi la Uholanzi, Antonius Mathijsen, kubuni bandeji zilizopakwa unga wa jasi mwaka 1851. Chuma cha ndani ni kitu cha karibuni zaidi kwa wagonjwa wetu. Mwaka 1999 daktari wa Marekani, Lewis Zirkle, alianzisha shirika la SIGN linalotengeneza msumari wa mfupa unaoweza kufungwa skrubu bila mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ni miongoni mwa hospitali zinazoutumia. Mwenye msumari huo mara nyingi huruhusiwa kukanyaga mapema kuliko mwenye hogo. Majirani wawili waliovunjika wiki moja wasishindane basi. Kila mmoja afuate alichoambiwa na aliyemtibu.

Lakini kutokukanyaga si kutotikisika. Mwaka 2014 watafiti wa Maastricht, Uholanzi, walichapisha matokeo ya kuwafunga hogo la mguu mzima vijana 24 wenye afya njema, wengine kwa siku 5, wengine kwa siku 14. Baada ya siku 5 tu, msuli wa mbele ya paja ulikuwa umepungua unene kwa karibu asilimia 3.5 na nguvu kwa asilimia 9 hivi. Baada ya siku 14, unene ulikuwa umepungua kwa asilimia 8 na zaidi, na nguvu zilizopotea zilizidi moja ya tano. Hawa hawakuwa na mfupa uliovunjika, wala maumivu, wala homa. Moyo nao hauachwi. Huko Dallas, Marekani, mwaka 1966, vijana 5 wenye umri wa miaka 20 walilazwa kitandani wiki 3, na uwezo wa miili yao kutumia oksijeni wakati wa mazoezi ulishuka kwa zaidi ya robo. Watu walewale walipopimwa tena miaka 30 baadaye, ilionekana kuwa wiki zile 3 za kulala ziliwashusha kuliko miaka 30 ya kuzeeka.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho kabla hujamwambia mgonjwa wako atulie.

Kinachotakiwa hakihitaji mashine. Akiwa amelala chali, mguu umenyooshwa, mgonjwa akaze msuli wa mbele ya paja kana kwamba analikandamiza goti kitandani, ahesabu hadi tano, aachie, arudie mara kumi. Hata ndani ya hogo zoezi hili linawezekana, kwa sababu msuli unakazwa bila mfupa kusogea. Vidole vya mguu avichezeshe kila saa. Mikono nayo ina kazi kubwa kuliko kawaida, kwani ndiyo inayobeba mwili kwenye magongo, kwa hiyo anyanyue vidumu vya lita moja vilivyojaa maji. Mguu mzima, ule usioumia, afanye nao kazi kwa bidii kuliko zamani.

Kwa asiye na hogo kwenye kifundo, kanga ina kazi ambayo watu wengi hawaijui. Mtu akilala muda mrefu, uzito wa mguu pamoja na shuka huuvuta wayo kuelekea chini, na kano ya kisigino inafupika pole pole. Siku anaporuhusiwa kukanyaga, mfupa umeunga vizuri lakini kisigino hakifiki chini. Anatembea kwa ncha ya wayo, na kuinyoosha kano hiyo ni kazi ya miezi. Chukua kanga, ikunje kwa urefu, izungushe kwenye wayo karibu na vidole, shika ncha mbili, vuta wayo ukuelekee huku goti limenyooka. Shikilia nusu dakika, legeza, rudia, asubuhi, mchana na jioni. Kama kuna vyuma vya nje au mshono, mtaalamu wa mazoezi tiba aonyeshe kwanza. Na ule mto unaowekwa chini ya goti ili mgonjwa ajisikie vizuri, uondoeni. Goti linalolala limekunjwa hujifunza kukunjika. Mto uwekwe chini ya shavu la mguu, mguu wote uwe juu kuliko moyo ili uvimbe ushuke, kisigino kikining'inia bila kugusa kitanda, maana ngozi ya kisigino hupata kidonda upesi.

Sasa choo, jambo gumu kuliko yote ndani ya nyumba na linalozungumzwa kidogo kuliko yote. Nyumba nyingi za uswahilini zina choo cha kuchuchumaa, mara nyingi uani, sakafu imelowa. Mtu mwenye mguu mmoja wa kutegemea hawezi kuchuchumaa. Kwa hiyo anaanza kimya kimya kula kidogo na kunywa maji kidogo ili asiende mara kwa mara. Hamwambii mtu, kwa kuwa ni aibu mtu mzima kushikiliwa chooni na mwanawe au mkwewe. Kama anatumia tramadol kwa maumivu, dawa hiyo nayo inafunga choo. Siku chache baadaye tumbo limejaa, mkojo umekolea njano na unauma, kichwa kinamzunguka akisimama. Nyumba nzima inadhani ni mguu, kumbe ni kiu. Tena mtu asiyekunywa maji na asiyetikisika, damu yake huganda kwa urahisi zaidi ndani ya mishipa.

Ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu, usinunue juisi za maboksi. Nenda kwa fundi seremala akutengenezee kiti cha mbao chenye miguu iliyotanuka, mikono miwili ya kushikia, na tundu katikati, kiwekwe juu ya tundu la choo au juu ya ndoo chumbani usiku. Kiwe na kimo cha kutosha ili mgonjwa asilazimike kukunja sana goti. Kiti cha plastiki kilichokatwa tundu kinapasuka, na anguko la chooni huvunja tena kilichokwisha kuunga. Fundi apigilie pia ubao au bomba imara ukutani la kujivutia. Mgonjwa akishajua kwamba anaweza kujisitiri mwenyewe, ataanza kunywa maji bila kulazimishwa.

Vuli inaongeza lake. Baraza limelowa, njia ya uani ni matope, umeme unakatika jioni wakati wingu limetanda, na mikono yote miwili imeshika magongo kwa hiyo haiwezi kushika tochi. Taa ndogo ya kichwani, au simu ndani ya mkoba wa shingoni, inaokoa. Mpira wa chini ya gongo ukaguliwe kila wiki. Ukiwa umelika ukawa laini, kwenye vigae vilivyolowa gongo linateleza, kwa hiyo ubadilishwe, na ukirudi ndani ufutwe kwa kitambaa. Mikeka na mazulia madogo yakunjwe. Mguu mzima uvae kiatu kinachofunga, si ndala. Kuhusu urefu wa gongo, kati ya kwapa na mto wake paingie vidole viwili au vitatu, na uzito ubebwe na viganja. Anayelining'inia gongo kwa makwapa anabana mishipa ya fahamu, na wapo wanaoishia kuwa na mkono uliolegea juu ya mguu uliovunjika. Penye ngazi, mguu mzima ndio unaotangulia kupanda, na wakati wa kushuka hutangulia magongo pamoja na mguu mgonjwa.

Hogo la jasi lina adui mmoja mkubwa, maji. Likiwa jipya huhitaji siku mbili hadi tatu kukauka kabisa, na hewa ya vuli yenye unyevu inachelewesha. Katika siku hizo lisifunikwe na lilazwe juu ya mto laini, kwa kuwa likiegemezwa kwenye kitu kigumu hubonyea na ule mbonyeo unakandamiza ngozi ndani. Wakati wa kuoga, mgonjwa aketi kwenye kigoda, mguu ukiwa nje ya maji na umefungwa nailoni nzito. Tangu Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa Juni 2019, nailoni ya aina hiyo haipatikani kila duka, kwa hiyo tunza kipande kizuri cha turubai jepesi na mpira wa kukifungia. Kwa Waislamu, kutawadha mara tano kwa siku juu ya hogo si lazima kuliloweshe: sheria inaruhusu kupangusa juu yake, na kuswali umeketi kwenye kiti kunaruhusiwa kwa mgonjwa. Sheikh wa msikiti wa karibu ataeleza utaratibu, na mzee anayesitasita atamsikiliza yeye kuliko daktari.

Halafu mwasho. Ngozi iliyofungwa katika joto na jasho inawasha mno, na usiku wa manane mgonjwa anaomba kijiti cha chelewa au spoku ya baiskeli akune. Msimpe. Mkwaruzo mdogo ndani ya hogo hauonekani, haupati hewa, na huweza kuwa kidonda kilichooza kabla mtu hajanusa harufu. Kupepea hewa kwenye mdomo wa hogo, au kuligongagonga taratibu kwa nje, kunasaidia.

Wapo wanaosema mguu uliovunjika unatabiri mvua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, walifuatilia zaidi ya watu 2,600 wenye maumivu sugu kupitia simu zao, na mwaka 2019 wakatangaza kuwa siku zenye unyevu mwingi, kanieneo ndogo ya hewa na upepo mkali ziliambatana na maumivu kuongezeka, ingawa tofauti haikuwa kubwa. Kwa hiyo mgonjwa anayelalamika asubuhi ya wingu hajitii udhaifu. Apewe parasetamo kwa kipimo, vidonge 2 vya miligramu 500 kwa mara moja na visizidi 8 kwa siku nzima kwa mtu mzima, afunikwe vizuri, na mazoezi yake yaendelee. Diclofenac ya kununua dukani asiichanganye mwenyewe na dawa alizopewa. Inaumiza tumbo na figo, na kama inachelewesha mfupa kuunga au la ni jambo ambalo madaktari bado wanabishana.

Chakula kina imani nyingi. Supu ya kongoro na ya mifupa inapikwa kila siku kwa kudhaniwa kwamba mfupa hulishwa mfupa. Supu ni nzuri kwa maji yake na hamu inayoleta, ila kalsiamu inayotoka kwenye mfupa na kuingia majini ni kidogo sana, na protini yake haijakamilika. Bamia na mlenda ni mboga njema, lakini ute wake huishia tumboni na haufiki gotini. Mfupa unajengwa kwa protini, kalsiamu na vitamini D. Dagaa wanaoliwa wazima pamoja na mifupa yao, mayai, maharage, maziwa au mtindi, mboga za majani: vyote viko gengeni. Mtu mzima anahitaji kama miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku, na glasi moja ya maziwa ina karibu 300. Vitamini D tunaipata zaidi kwa jua, na vuli haina mawingu kutwa nzima, basi kiti kitolewe barazani jua linapochomoza kati ya mvua na mvua. Sigara iachwe kabisa katika miezi hii, kwa kuwa hubana mishipa midogo ya damu na mfupa huchelewa kuunga. Wanaokuja kumjulia hali mgonjwa wakiuliza walete nini, waambiwe trei ya mayai.

Kuna jambo ambalo naliandika kwa uzito. Mguu ukivimba, shangazi huleta maji ya moto na mafuta akaanza kuchua. Katika siku za kwanza joto linaongeza uvimbe. Baadaye, shavu la mguu lililovimba na kuuma ghafla, lenye joto na wekundu, huenda lina damu iliyoganda ndani ya mshipa mkubwa. Ukilichua, donge hilo linaweza kung'oka, likapanda hadi mapafuni na kuua kwa muda mfupi. Shavu la namna hiyo haliguswi, mgonjwa anapelekwa hospitali siku hiyohiyo. Akianza kuhema kwa shida, kifua kikimchoma anapovuta pumzi, au akikohoa damu, ni dharura ya saa hiyo. Vivyo hivyo maumivu makali yanayozidi licha ya dawa, yanayomfanya apige kelele ukinyoosha tu vidole vyake vya mguu, pamoja na ganzi, ubaridi au vidole kupauka: shinikizo limepanda ndani ya mguu na misuli inaweza kufa katika saa chache. Usisubiri kupambazuke, wala usimpeleke kwa muunga mifupa akaze vijiti zaidi. Homa, usaha au harufu mbaya kutoka kwenye hogo au kwenye vyuma vya nje navyo havisubiri tarehe ya kliniki.

Dereva wa bodaboda aliyelala hana hesabu ya kumpelekea mwenye pikipiki, ada ya mtoto inadaiwa, na wiki ya tano rafiki wamepungua barazani. Anakosa usingizi, anagombana na mkewe kwa jambo dogo, anakataa kula. Hii nayo ni sehemu ya ugonjwa, na aliye katika hali hiyo mazoezi hafanyi. Mpeni kazi. Anaweza kuchambua mchele ameketi, kumenya vitunguu, kusimamia masomo ya watoto jioni, kupokea fedha za genge. Mgonjwa anayehitajika anaamka mapema na kudai magongo yake.

Daktari akisharuhusu kukanyaga, eksirei ikionyesha mfupa umeshika, magongo mawili hupungua kuwa moja, na hilo moja linashikwa na mkono wa upande wa mguu mzima. Wengi hulishika upande wa mguu mgonjwa, wakainamia huko na kuuongezea mzigo. Likishikwa upande wa pili, gongo na mguu mgonjwa vinatua pamoja na uzito unagawanyika. Chukua pia utepe wa fundi cherehani, upime mzunguko wa shavu la kila mguu mahali palepale chini ya goti, uandike kwenye daftari kila wiki mbili. Tofauti itakuwepo muda mrefu baada ya maumivu kwisha, na mazoezi yaendelee mpaka iwe ndogo.

Kwa anayerudi barabarani, pikipiki nyingi za bodaboda zina breki ya nyuma chini ya mguu wa kulia na gia chini ya mguu wa kushoto. Aliyeumia kulia ahakikishe anaweza kuikandamiza breki hiyo kwa nguvu na ghafla bila kuusikilizia mguu, pikipiki ikiwa imesimama uani na injini imezimwa, kabla hajabeba abiria.